Tukipewa mtaa mmoja tu, baiskeli ipite wapi Posta?

Saa moja na nusu asubuhi, Mnara wa Saa, Posta, katikati ya Dar es Salaam. Kijana anatokea upande wa Samora kwa baiskeli, tenga la samaki limefungwa kwenye keria kwa mpira wa tairi, juu limefunikwa gunia lililoloa. Mbele yake daladala imesimama kiguu upande, nusu iko barabarani, nusu nje, konda anagonga bati na abiria wanashuka. Kuliani gari dogo limembana. Kijana anapandisha tairi la mbele kwenye njia ya waenda kwa miguu. Mlinzi wa duka anamfokea. Anashusha tairi. Pikipiki iliyo nyuma yake inampigia honi. Mwisho anashuka, anaikokota baiskeli katikati ya magari mawili huku tenga amelizuia kwa kiuno lisipinduke, anavuka, anapanda tena, anapotelea Uhuru.

Hakuna aliyegeuka kumtazama.

Tangu asubuhi ile kuna swali limeniganda. Nikiwa kwenye foleni lipo, nikiwa kwenye kikao lipo. Siku jiji likisema, haya, tunawapa mtaa mmoja katikati ya mji, mmoja tu, baiskeli ziwekewe njia yake yenye ukingo wa zege, gari lisiingie: tungechukua upi?

Habari ya kama njia inahitajika au la naiacha. UWABA, umoja wa waendesha baiskeli wa hapa Dar, wameshapanga misafara na kupiga kelele miaka mingi, na anayetaka kusikia ameshasikia. Kinachonisumbua ni hatua inayofuata, ile ambayo watu wanaokubaliana hukaa mezani na ghafla hawakubaliani tena.

Kila niliyemuuliza ana mtaa wake

Rafiki zangu wanaoendesha Jumamosi alfajiri, wale wa kofia ngumu na kaptula za kubana, hawafikirii mara mbili. Barabara ya pwani. Unatoka Masaki, unapita Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022, unashika Barack Obama Drive hadi Kivukoni. Upepo wa bahari, miti mikubwa, makutano machache. Na kusema kweli, kama kazi ni kupata picha ya kiongozi akikata utepe, hakuna barabara ya kushindana na ile.

Jamaa mmoja wa mambo ya ujenzi akaniambia nitafute barabara pana. Bibi Titi. Pale utakata mita mbili na hakuna atakayelia. Mwingine akasema hapana, baiskeli zipelekwe ndani, mitaa ya Kisutu na Mchafukoge, Jamhuri, Libya, India, huko ambako gari halina mwendo.

Nimezunguka kote huko, mara kwa miguu, mara kwa baiskeli ya kuazima ambayo breki yake ya nyuma ilikuwa ya mapambo.

Barabara ya pwani inapendeza, lakini saa ya kazi utamkuta nani? Mkimbiaji mmoja, watalii wawili, askari. Ni barabara ya kwenda kupunga upepo. Bibi Titi ni pana kwa sababu ilikusudiwa gari zikimbie, na zinakimbia. Zaidi ya hapo inauzunguka mji badala ya kuingia. Mwenye shida yake Samora hawezi kuzungushwa hadi Mnazi Mmoja kisha arudi, jua la saa saba, mzigo mgongoni. Atakatiza tu. Utakuwa umejenga njia ya kilomita kadhaa na baiskeli bado zinapita zilikokuwa zinapita.

Mitaa ya ndani ndiyo iliyonishika muda mrefu, maana hoja yake ina akili. Gari linakwenda polepole kweli. Tatizo ni kona. Pale Kisutu hupigi hatua nyingi hujakutana na kona, na kila kona njia ya baiskeli lazima ikatike ili magari yapite. Watu wasioendesha hudhani hatari ni gari linalokuja nyuma. Hilo linatisha, ndiyo, lakini makutano ndipo mambo yanapoharibika: gari linakupita, halafu papo hapo linakata kushoto mbele yako, dereva hakukuona kwa sababu hakuwa na sababu ya kukutafuta. Ukingo wa zege haukusaidii kitu hapo, kwa kuwa hapo ndipo ulipokatwa. Ongeza fuso zinazoshusha mizigo ya maduka ya jumla asubuhi nzima, na mifuniko ya mitaro iliyoondoka na wauza vyuma chakavu.

Kwa hiyo mtaa wenye kona chache. Hicho kilikuwa kigezo changu cha kwanza chenye maana.

Michirizi

Cha pili nilikiona chini, kwenye lami.

Barafu ya samaki inayeyuka. Tenga halizuii maji. Mnada wa soko la samaki la Feri ukishachangamka na wachuuzi wakaanza kuondoka, baiskeli inaacha matone nyuma yake, tone, tone, na pale inaposimama kwenye foleni panakuwa na kidimbwi kidogo chenye magamba mawili matatu. Kabla jua halijapanda unaweza kufuata matone hayo. Ukichelewa yamekauka, imebaki harufu.

Niliyafuata. Yanatoka Feri, yanapita Kivukoni, yanapita kanisa la Azania Front, yanapanda hadi Sanamu ya Askari. Pale yanageuka na kushika Samora yote hadi Mnara wa Saa, karibu kilomita moja. Kisha Uhuru, Mnazi Mmoja, Kariakoo. Safari nzima haifiki kilomita nne.

Machache yanabaki Sokoine Drive kuelekea Stesheni. Mengi hayapiti huko, na hilo lilinishangaza, kwa sababu ukitazama ramani Sokoine ndiyo imenyooka zaidi na haina mlima. Nikamuuliza mchuuzi mmoja aliyekuwa anakaza mpira wa tenga lake.

"Kaka, kule nina basi la mwendokasi mgongoni," akasema. "Huku kuna foleni. Gari haina mwendo. Foleni ndiyo usalama wangu."

Akapanda, akaondoka. Nimelirudia jibu hilo mara nyingi. Mtu ameshachagua mtaa wake, kwa vigezo vyake, na amevipima kwa mwili wake kila siku. Sisi tunafungua kompyuta kumchagulia mwingine.

Halafu si samaki tu. Pantoni inapotia nanga kutoka Kigamboni, mlango ukishuka, baiskeli hutoka pamoja na watu kabla ya magari: madafu yamepangwa pembeni mwa tairi la nyuma kila upande, trei za mayai, viroba vya mchicha, mara mojamoja mkaa. Wote hao wakikanyaga nchi kavu wanakabiliwa na mji uleule. Feri upande mmoja, Kariakoo upande wa pili. Miisho hiyo haikupangwa na mtu wa mipango miji, na haikuhama hata wizara zilipohamia Dodoma.

Kwa nini milango ni michache

Anayeitazama Dar kutoka juu ataona kitu kinachoeleza nusu ya foleni zetu. Mitaa ya Kisutu ni mingi, mitaa ya Kariakoo ni mingi zaidi, lakini kati yake kuna uwanja wa Mnazi Mmoja, na mitaa inayoukatiza inahesabika.

Si bahati. Wajerumani walishaugawa mji kwa aina ya nyumba na hivyo kwa rangi ya watu, na baada ya Vita vya Kwanza Waingereza wakauacha uwanda ule wazi kwa makusudi, uwe mpaka kati ya Uhindini na mji wa Waafrika kule Kariakoo. Walisingizia afya. Mpaka umekufa siku nyingi, uwanja umekuwa wa sherehe, mikutano na mapumziko, lakini umbo la mitaa limebaki. Bado tunapitishwa kwenye matundu yaleyale.

Uhuru ni tundu mojawapo. Morogoro Road ni jingine, na limeshachukuliwa na mwendokasi. Nkrumah linabeba magari yanayokwenda na kutoka Gerezani na Barabara ya Nyerere. Ukishaona hivyo, orodha ndefu ya mitaa inayopendekezwa inajifupisha yenyewe, maana mtaa wowote mzuri wa Posta usiofika kwenye tundu la kuvukia utakuishia mkononi pale Bibi Titi, mbele ya magari ya njia nyingi, na huna pa kwenda.

Hapo nikawa nimeshaegemea: Samora, kipande cha kuanzia Askari hadi Mnara wa Saa, kisha Uhuru. Bado sikuwa na amani nacho.

Sentimita 130

Nilichukua futi kamba nikaenda Feri. Watu walinicheka, lakini walinikubalia nipime. Usukani wa baiskeli ya kawaida ni sentimita 60 hivi. Tenga la samaki nililolipima lilikuwa na 70. Guta, ile baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, lenye sanduku la mbao lilikaribia 120.

Bajaji ina sentimita 130.

Fikiria hizo namba mbili za mwisho. Kila mradi wa njia ya baiskeli hufika mahali watu wakaulizana: tuziwekee mdomoni nguzo za umbali gani ili chombo cha moto kisipenye? Ukiacha upenyo wa guta, dereva wa bajaji mzoefu atakunja kioo cha pembeni na kujaribu, na wapo watakaofaulu. Ukibana hadi bajaji isipite, umemfungia nje mtu wa guta, ambaye ndiye anayehangaika kuliko wote. Bodaboda ndiyo usiseme. Panapopita tenga, bodaboda inapita na abiria wake wawili.

Kwa hiyo zege haliwezi kutulindia njia. Linasaidia tu.

Tunao ushahidi wa nyumbani. Mwendokasi ilipoanza mwaka 2016, barabara ya Morogoro ilikuja na njia za baiskeli na za miguu pembeni, kazi iliyochangia Dar kupewa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Pita leo. Sehemu moja kijiwe cha bodaboda, mbele kidogo mama anauza maembe, mbele tena gari limepanda juu kabisa na dereva amelala. Nairobi nako, Luthuli Avenue ilifanywa ya mwelekeo mmoja mwaka 2019 na nafasi ya watembea kwa miguu ikapanuliwa, na mabishano ya nani anaikalia hayakuchelewa kuanza.

Njia tupu katika miji yetu hupata mpangaji kabla ya adhuhuri.

Na wala sisemi kwa dharau. Mama wa maembe ana akili timamu. Ameona mita mbili za kivuli, laini, zimesafishwa, hazina mtu. Angeziacha kwa nini?

Hapo ndipo mambo yalinigeukia. Nilikuwa nikitafuta mtaa ambao njia itakuwa rahisi kuijenga: pana, tulivu, usio na ugomvi. Lakini mtaa usio na ugomvi mara nyingi ni mtaa usio na baiskeli, na njia isiyo na baiskeli ndiyo itakayokaliwa. Kinachomzuia mtu asiegeshe kwenye njia ni tenga linalokuja kila dakika, lenye maji ya samaki, na mwenye tenga asiyekuwa na breki wala subira. Mlinzi wa njia ni msongamano wa wenyewe. Bibi Titi huwezi kuupata. Barabara ya pwani huwezi. Samora saa moja asubuhi upo tayari, unachokosa ni mahali pa kupita.

Mzee wa duka

Nafasi itoke wapi? Gari lililoegeshwa sambamba na barabara linakula mita mbili hadi mbili na nusu kwa upana. Samora ina safu za magari yaliyoegeshwa. Ondoa safu moja, njia imepatikana. Hesabu nyepesi, siasa nzito.

Kuna duka la karatasi na vifaa vya ofisi ambalo nimekuwa mteja wake tangu niko chuo. Nikampitia mwenye duka.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Leo unataka kalamu au unataka maneno?"

Nikamweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo kwa mfanyabiashara wa Samora saa tano asubuhi ni heshima kubwa. Kisha akasema wateja wake wanakuja na magari. Ukiondoa maegesho umefunga duka. Tukatoka nje tukasimama mlangoni.

"Ile nyeupe ya nani?"

"Yangu."

"Na ile ya nyuma yake?"

Akacheka. "Ya mwanangu."

Ya tatu ilikuwa ya mfanyakazi wa ofisi ya ghorofani, inafika alfajiri inaondoka magharibi. Wakati tumesimama pale waliingia wateja kadhaa, wote kwa miguu.

Ningetamani kuishia hapo, inanoga. Lakini mzee hakuwa amemaliza. Akaniuliza: maboksi ya karatasi yanakuja kwa gari la tani tatu, litasimama wapi? Swali la haki. Jibu ninalo, sehemu ya kushushia mizigo kwenye kona ya karibu na saa maalumu, lakini jibu hilo linahitaji mtu wa kulisimamia kila siku, na mzee ameishi mji huu kuliko mimi.

Kisha akasema lililomkaa moyoni. "Mwaka 2021 machinga waliondolewa hapa. Nikasema, alhamdulillahi, nitauona mlango wangu. Wakarudi. Sasa wewe unataka kuniwekea njia nyeupe, safi, mbele ya duka. Unadhani nitaona baiskeli? Nitaona soko."

Baiskeli hana shida nazo. Anachohofia ni kilekile nilichokihofia mimi, njia tupu.

Nikamwambia habari ya matone. Akatingisha kichwa, akasema atatazama.

Kitu kimoja nakishikilia, na wahandisi wakisoma hapa wanisamehe: nafasi itoke kwa magari yaliyoegeshwa, isitoke kwa waenda kwa miguu. Najua kishawishi kilivyo. Njia ya miguu ipo tayari, imeinuka, haina ada ya maegesho inayokusanywa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Unapaka rangi, unachora baiskeli, unapiga picha. Halafu machinga, mwenda kwa miguu na mwenye tenga wanagombania mita mbili na magari yaliyolala hayaguswi.

Sevilla, kwa kifupi

Huwa sipendi mifano ya Uholanzi katika mazungumzo haya. Inawapa watu nafasi ya kusema "sisi si Wazungu" na kikao kikaisha. Sevilla ya Hispania ni tofauti. Ni mji wa joto, kiangazi kinavuka nyuzi 40, na kabla ya mwaka 2006 baiskeli zilikuwa kitu cha kutafuta. Wakajenga kilomita 80 za njia zilizotengwa kwa mkupuo, zimeungana, si vipande. Baadaye zikafika 120. Nafasi za maegesho kama 5,000 ziliondoka. Safari za baiskeli zikaongezeka takribani mara kumi katika miaka michache. Njia nyingi zina upana wa mita mbili na nusu, kwenda na kurudi upande mmoja wa barabara.

Mita mbili na nusu: safu moja ya maegesho. Nilipoliona hilo nilikaa kimya kidogo. Kwa Sevilla inatosha. Kwa Samora, guta la 120 likikutana na tenga la 70, zinapishana kwa kuombana radhi.

Calgary ya Kanada nayo nimeisoma sana, kwa sababu ya namna walivyoogopa. Madiwani walipitisha majaribio mwaka 2014 kwa kura 8 dhidi ya 7. Mwaka 2015 wakaweka kilomita 6.5 katikati ya mji, zote kwa pamoja, kwa vifaa vinavyoweza kung'olewa, na wakahesabu. Mwishoni mwa 2016 zikapitishwa kuwa za kudumu. Kura moja ikienda upande mwingine, leo tusingekuwa tunawataja.

Sisi hatuna kilomita 80. Hata hizo 6.5 ni ndoto. Ndiyo maana mtaa mmoja lazima uwe na kichwa na mkia: Feri na Kariakoo.

Ambao hawaachi matone

Nilidhani nimemaliza. Nikamsimulia dada yangu, yeye akauliza: "Kwenye matone yako, mwanamke yupo?"

Hayupo.

Shinyanga utamwona mama kwenye baiskeli, na mtoto mbele, na debe nyuma, na hakuna anayeshangaa. Posta simkumbuki. Wakina mama wanaokaanga samaki Ilala na Buguruni wananunua Feri palepale, mnada uleule, ila wao wanaondoka na ndoo kichwani kutafuta daladala, wakibishana na konda kuhusu maji yanayovuja. Matone yao hayafuati barabara, yanaishia kituoni. Njia niliyoichora kwa kuwafuata waliokwisha kuthubutu imewaacha walioogopa, na wanaoogopa ndio wengi. Mwanafunzi hayupo. Mzee hayupo. Mfanyakazi wa benki anayekaa Upanga, ambaye angefika kazini kabla shati halijaloa, hayupo.

Hili lilinitibua kuliko hoja ya mzee wa duka. Kwa siku kadhaa nilirudi kwenye barabara ya pwani, nikajiuliza kama utulivu wake ndio utakaomtoa mwoga. Lakini mwoga naye ana anakokwenda. Mama wa Buguruni hatazunguka pwani eti kwa sababu kuna upepo.

Nilipofikia ni hapa: mtaa uchaguliwe na wanaoendesha leo, upana na makutano yapimwe kwa yule ambaye bado hajapanda. Mchuuzi anaweza kulivuka Mnara wa Saa kwa kiuno na ujasiri. Kipimo cha njia ni kama dada yangu atalivuka. Kwa makutano kama yale hiyo maana yake ni dakika za baiskeli peke yake huku magari yote yamesimama, na daladala kusogezwa mbali na mdomo wa barabara. Bila hivyo, zege lote la Samora ni kumpeleka mtu salama hadi mahali pa kugongwa.

Ipo shaka nyingine na sina dawa yake. Wachuuzi wa samaki wanahamia bodaboda. Si wote, lakini ukisimama Feri unaona: tenga lilelile, keria imebadilika. Yule mwenye mtaji kidogo ameshahama. Inawezekana kabisa tukabishana mtaa upi, tukapata kibali, tukapata fedha, na siku zege linapokauka wa kupita wamebaki wachache. Waliobaki ni wale ambao mafuta yangekula faida yote ya ndoo mbili za dagaa. Je, mtaa upangwe kwa ajili yao? Mimi nasema ndiyo. Mhasibu atasema vingine, na sina uhakika kwamba ananidhulumu.

Mapipa

Ninachotaka sasa ni kidogo kuliko nilipoanza. Asubuhi tu, kuanzia saa kumi na moja hadi saa nne. Samora, Askari hadi Mnara wa Saa. Mapipa ya plastiki yaliyojazwa mchanga, safu moja ya maegesho ikae wazi, trafiki wawili pale mnarani. Isiwe Jumapili, Jumapili mji umelala na jaribio halijaribu kitu. Iwe siku ya kazi, samaki wakiwa wengi, madereva wakiwa na hasira zao kamili. Na ahesabiwe kila anayepita, mwanamke aandikwe mwanamke, guta liandikwe guta.

Kilichobaki ni upande. Mzee wa duka, nilipompitia tena, alikiri ameyaona matone. Anasema hana neno, mradi mapipa yakae upande ule mwingine wa barabara. Nikavuka nikamuuliza mwenye duka la miwani la upande ule mwingine. Naye hana neno, mradi yakae kwa mzee.

Tuanze kwa mzee, maana lile gari jeupe tunamjua mwenyewe. Idi ikipita tuhamishie kwa huyu wa miwani, tulinganishe.